Maabara ina ithibati, sawa. Ithibati ya kupima nini?

Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, jamaa anayejiandaa kuoa, alinitumia picha mbili WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa jiwe la rangi ya chungwa, limekatwa umbo la yai, linang'aa kweli kweli. Ya pili ilikuwa karatasi ya maabara: nembo, namba ya cheti, picha ndogo ya jiwe, na pale chini maneno kwamba maabara hiyo ina ithibati ya ISO/IEC 17025. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Dokta, hebu nisomee hii. Nilipe?"

Mimi si dokta, ni mwanafunzi wa uzamili tu, ila mtaani ukishavuka digrii ya kwanza jina hilo unapewa bila kuliomba. Bei aliyotajiwa ingenunua pikipiki mbili mpya. Muuzaji alimwambia jiwe ni safaya ya Songea, limechomwa kidogo kama safaya nyingi zinavyochomwa, na kwamba hakuna haja ya wasiwasi kwa sababu "cheti si kipo?"

Nikaisoma ile karatasi mara tatu. Kila kilichoandikwa kilikuwa kinawezekana kabisa kuwa kweli. Bado sikuweza kumwambia alipe. Makala hii ni ya kueleza kwa nini, na ni lawama kidogo kwa jinsi vyeti vya vito vinavyoandikwa, pamoja na kiwango cha kimataifa kinachoviruhusu viandikwe hivyo.

Stika ya kwenye mizani ya bucha

Anza na kitu unachokijua. Ukienda bucha, mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo imehakikiwa. Kilo ikisomeka kilo, ni kilo. Hiyo stika haisemi nyama ni ya leo au ya juzi. Haisemi ni ya mbuzi au ya kondoo. Ukiitazama stika halafu ukaamini nyama ni freshi, kosa si la stika, wewe ndiye umeisomea kitu ambacho haikuandikwa kukisema.

Ithibati ya maabara inafanana na hiyo stika, ingawa ina mambo mengi zaidi. ISO/IEC 17025 ni kiwango kinachoeleza maabara inayopima inapaswa kuwa na nini ili iaminike: wafanyakazi wenye umahiri, vifaa vilivyohakikiwa, njia za kupima zilizothibitishwa kwamba zinafanya kazi, kumbukumbu, na utaratibu wa kuzuia upendeleo. Toleo la kwanza lilitoka 1999, likafanyiwa marekebisho 2005, na toleo linalotumika sasa ni la 2017. Kiwango hichohicho kinatumika kwa maabara za maji, saruji, chakula, na pia za vito.

Hapa kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya, na wauzaji hawana haraka ya kuyanyoosha.

Kwanza, ISO yenyewe haimpi mtu ithibati. ISO inaandika viwango. Anayekuja kukagua na kutoa ithibati ni taasisi nyingine. Kenya wana KENAS, Afrika Kusini wana SANAS, na SADCAS yenye makao yake Gaborone, Botswana, inahudumia nchi kadhaa za SADC, Tanzania ikiwemo. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumethibitishwa na ISO", muulize kwa upole: nani alikuja kuwakagua?

Pili, ISO 9001 si sawa na ISO/IEC 17025. Ile ya kwanza inahusu usimamizi wa ubora katika shughuli yoyote, hata hoteli au kiwanda cha soda kinaweza kuwa nayo. Ya pili ndiyo inayouliza kama maabara inajua kupima. Nembo zote mbili zina herufi ISO, na kwenye karatasi yenye urembo wa dhahabu tofauti hiyo haionekani kirahisi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ithibati ina mawanda. Maabara haipewi ithibati ya "kila kitu". Inapewa kwa vipimo fulani, kwa njia fulani, na orodha yake taasisi iliyotoa ithibati huitangaza hadharani. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima uzito na kutambua aina ya jiwe, halafu kwenye cheti hichohicho ikaandika asili ya jiwe, jambo ambalo halimo kwenye orodha. Ikikaguliwa vizuri itatakiwa kuonyesha kipi kimo na kipi hakimo. Lakini msomaji wa kawaida anaona nembo moja juu ya karatasi nzima.

Kiwango kinafanya kazi nzuri, tusikionee

Nisieleweke vibaya. Mimi ni shabiki wa 17025. Maabara inayokifuata inalazimika kujiuliza maswali ambayo binadamu kwa kawaida hayapendi: umejuaje? Ulihakikije? Mwenzako akipima bila kujua jibu lako, atapata jibu hilohilo? Inatakiwa pia ijilinganishe na maabara nyingine, yaani sampuli zilezile zipimwe sehemu tofauti halafu majibu yalinganishwe. Aibu hiyo ni dawa nzuri ya sayansi.

Kwenye almasi tunaweza kuona matunda yake. Karati moja ni gramu 0.2. Mizani ya maabara inasoma hadi sehemu ya elfu ya karati, lakini cheti huandika sehemu ya mia tu. Sasa, almasi ya karati 0.99 na ile ya 1.00 zinatofautiana kwa miligramu mbili, wakati bei inaruka, maana mteja anataka kusikia neno "karati moja". Ndiyo maana desturi ya upimaji wa almasi haifuati ule mtindo wa shuleni wa kupandisha kuanzia tano. Namba ya tatu baada ya nukta hupandishwa ikiwa ni tisa tu. Jiwe la 0.998 linabaki 0.99, la 0.999 ndilo linaandikwa 1.00. Kanuni ndogo hivyo, lakini inaziba mlango ambao watu wengi wangepita.

Na mwaka 2020 ISO ilitoa kiwango kipya, ISO 24016, kinachoeleza istilahi na njia za kupanga madaraja ya almasi: rangi, usafi, mkato, uzito. Ni hatua. Kabla yake, mfumo wa rangi kutoka D hadi Z ulioanzishwa na GIA ya Marekani katika miaka ya 1950 ulikuwa umeenea duniani kwa nguvu ya mazoea na soko.

Ila soma mawanda ya kiwango hicho. Kinahusu almasi asilia zilizokatwa, ambazo hazijafungwa kwenye pete, zenye zaidi ya karati 0.25. Almasi za rangi maalumu hazimo. Za kutengenezwa maabara hazimo. Safaya, rubi, tanzanaiti, spineli: hazimo hata kidogo. Kwa hiyo jiwe la rafiki yangu halikuwa na kiwango cha namna hiyo nyuma yake. Lilikuwa na ithibati ya jumla ya maabara na maneno ambayo maabara yenyewe ilichagua.

Sentensi za aina tatu, mwandiko mmoja

Chukua cheti chochote cha kito, ukisome kama unavyosoma jibu la mtihani. Utakuta ndani yake sentensi za aina tatu.

Aina ya kwanza ni vipimo: uzito, urefu, upana, jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Hapa mashine inasoma namba, na unaweza kusema namba hiyo inaweza kupishana kiasi gani.

Aina ya pili ni maamuzi ya jicho. Rangi ya almasi hupangwa kwa kuilinganisha na seti ya mawe ya mfano chini ya taa maalumu. Jiwe likiwa na rangi zaidi ya mfano wa G lakini pungufu ya mfano wa H, linapewa G. Jicho lililofundishwa ni kifaa kizuri ajabu, lakini jiwe likikaa mpakani, wataalamu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana daraja moja. Maabara nzuri zinajua hilo, ndiyo maana jiwe hupita kwa zaidi ya mtu mmoja, bila kila mmoja kujua mwenzake alisema nini. Herufi G inapofika kwako, mjadala wote huo umefutika. Inaonekana imara kama uzito.

Aina ya tatu ni maoni ya kitaalamu, na mfano mkubwa ni asili ya jiwe. Hakuna mashine yenye kitufe cha "Tanzania". Mtaalamu anaangalia vitu vidogo vilivyonaswa ndani ya jiwe na kiasi cha elementi kama chuma na galiamu, halafu analinganisha na mawe anayojua yalikotoka. Jibu lake linategemea kabati lake la mifano. Mwishoni mwa 2007 rubi zilipatikana Winza, wilaya ya Mpwapwa, Dodoma, na baadhi zilikuwa safi mno. Fikiria maabara iliyopokea rubi ya Winza kabla ya kuwa na mfano hata mmoja wa huko. Ingefanyaje? Ingechagua jina kati ya majina inayoyajua, au ingekiri kwamba haijui. Ithibati ya mizani yake isingeisaidia hapo.

ISO/IEC 17025 inaijua tofauti hii. Inasema wazi kwamba maoni na tafsiri zitolewe na watu walioidhinishwa tu, na misingi yake iwekwe kwenye kumbukumbu. Vizuri. Lakini kwenye karatasi anayopewa mnunuzi, mara nyingi vyote vitatu vimeandikwa kwa wino mmoja, ukubwa mmoja, mstari kwa mstari, kana kwamba vimetoka kwenye mashine moja. Maelezo kwamba hii ni rai ya maabara, kwamba si dhamana wala si tathmini ya bei, yapo nyuma, kwa herufi za kuumiza macho.

Songea, 2001: pale "hatukuona" ilipogeuka "hakuna"

Sasa turudi kwenye lile jiwe la chungwa, maana rangi yake ndiyo iliyonishtua.

Safaya za Songea zilianza kujulikana sokoni miaka ya 1990. Nyingi zilikuwa na rangi nzito, za kijani kijani au zambarau ya kahawia, na bei yake ilikuwa ndogo. Kufikia 2001, kutoka Chanthaburi, Thailand, ambako mawe mengi ya dunia huenda kuchomwa, zilianza kumiminika safaya za chungwa na njano kali za kupendeza. Malighafi yake ilitoka hasa Songea na Ilakaka, Madagascar. Maabara zilizipokea, zikaona dalili za moto, zikaandika zilichoona: safaya asilia, imechomwa. Kuchoma ni jambo la kawaida na soko linalikubali, kwa hiyo mawe yakauzwa kwa bei nzuri.

Januari 2002, shirika la wafanyabiashara wa vito Marekani, AGTA, likatoa tahadhari. Wataalamu walikuwa wamegundua kitu cha ajabu: walipozamisha baadhi ya mawe ndani ya kimiminika kinachopunguza mng'ao, waliona rangi ya chungwa imekaa kama ganda, ikifuata umbo la jiwe lililokatwa. Ingekuwa rangi ya asili ingefuata jinsi fuwele ilivyokua ardhini. Hii ilifuata umbo lililotengenezwa na fundi. Maana yake rangi iliingia kutoka nje.

Kilichoingia kilikuwa beriliamu. Ndani ya vyungu vya kuchomea kulikuwa na krisoberili, madini yenye elementi hiyo, na kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,700 beriliamu ilipenya ndani ya safaya. Safaya ni alumini na oksijeni. Alumini hukaa pale ikiwa na chaji tatu. Beriliamu ikichukua kiti chake inakuja na chaji mbili. Pengo hilo la chaji moja linaufanya mfumo unyonye mwanga wa bluu, na jicho linaona njano. Njano juu ya jiwe lenye uwaridi inakuwa chungwa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, sehemu chache hadi makumi kwa milioni. Kama kuweka kokoto kumi ndani ya lundo la kokoto milioni moja.

Na hapa ndipo mtego ulipokuwa. Kifaa cha kawaida cha maabara ya vito cha kupima elementi, kile cha eksirei, hakiioni beriliamu. Ni elementi nyepesi mno, ya nne kwenye jedwali. Kuipata kunahitaji mashine za kundi lingine, kama ile inayochoma kitone kidogo cha jiwe kwa leza kisha kupima uzito wa atomi zake. Mashine hiyo inagharimu mamia ya maelfu ya dola. Maabara nyingi hazikuwa nayo wakati ule, na nyingi hazina hadi leo.

Jiulize: zile maabara za 2001 zilidanganya? Hapana. Ziliandika zilichokiona. Je, ithibati ingezuia? Pia hapana. Mkaguzi angekuta mizani safi, eksirei iliyohakikiwa, kumbukumbu zimepangwa. Hitilafu ilikuwa kwenye sentensi ambayo haikuandikwa popote: "Vifaa vyetu haviwezi kuona beriliamu." Bila sentensi hiyo, kutoona kwa maabara kukawa, machoni pa mnunuzi, uthibitisho kwamba hakuna. Mwanafunzi wa kemia mwaka wa kwanza akiandika "sifuri" mahali pa "chini ya ukomo wa kifaa", anakatwa maksi. Kwenye biashara ya vito, aliyekatwa alikuwa mnunuzi.

Mteja ni nani?

Sasa lawama yangu yenyewe.

Kuhusu kiasi ambacho kipimo kinaweza kupishana, ISO/IEC 17025 inaitaka maabara ikijue. Lakini kukiandika kwenye ripoti ni lazima katika hali tatu tu: kama kina umuhimu kwa matumizi ya jibu, kama mteja ametaka, au kama kinaathiri uamuzi wa kufikia kikomo fulani. Kwa maabara ya maji hii inaeleweka. Mamlaka ya maji ndiyo mteja, na ndiyo inayotaka kujua.

Kwenye vito, mteja ni nani? Ni yule aliyeleta jiwe na kulipa ada, na mara nyingi huyo ni muuzaji. Anayekuja kuitegemea karatasi ni mtu mwingine, rafiki yangu, ambaye hajawahi kukanyaga pale maabara. Mwenye haki ya kuomba mashaka yaandikwe ndiye asiye na hamu nayo hata kidogo. Mwenye hamu nayo si mteja. Kiwango kimemlinda mgeni aliyelipa mlangoni, na kimemsahau anayekula chakula.

Na hii si nadharia. Mwaka 2005 GIA yenyewe, maabara inayoheshimika kuliko nyingi, ilifanya uchunguzi wa ndani baada ya tuhuma za wauzaji kutaka kushawishi madaraja ya almasi, na wafanyakazi wanne wa maabara yake ya New York wakaachishwa kazi. Ilijichunguza na kuchukua hatua, tuipe haki yake. Lakini ilionyesha shinikizo linatoka upande gani. Sijasikia mnunuzi wa pete akipeleka bahasha ili jiwe lake lishushwe daraja.

Miaka tisa baadaye, Oktoba 2014, RapNet, soko kubwa la mtandaoni la wafanyabiashara wa almasi, liliacha kuorodhesha vyeti vya EGL. Malalamiko yalikuwa kwamba vyeti hivyo vilitumia herufi zilezile za GIA, ila jiwe lililoandikwa G kwao lingepewa daraja la chini zaidi kwingine. Herufi ileile, maana tofauti, na kila muuzaji anajua apeleke jiwe lake wapi. ISO 24016 inajaribu kujibu tatizo hilo kwa kuweka istilahi moja. Naiunga mkono, pamoja na kasoro moja inayonikera: hati za ISO zinauzwa. Mnunuzi wa pete Kariakoo au Mombasa analindwa na maandishi ambayo hawezi kuyasoma bila kuyalipia.

"Ukiandika mashaka, utaua biashara"

Nimewahi kujadiliana na watu wa vito kuhusu hili, na hoja zao si za kupuuza.

Wanasema mnunuzi anataka jibu moja. Ukimwandikia "rangi G, inawezekana ikawa H", atakimbia. Labda. Lakini mnunuzi huyohuyo anapokea majibu ya hospitali yenye kiwango cha chini na cha juu, na hajaacha kwenda hospitali. Watu wanaweza kuishi na mashaka yakiandikwa kwa lugha ya kawaida.

Wanasema pia maabara ndogo zitaumia. Maabara ya Arusha itapata wapi hela ya mashine ya leza? Hapa nadhani wanakosea upande. Sijasema kila maabara inunue leza. Nimesema iandike haina. "Kipimo cha beriliamu hakikufanyika" ni maneno manne, yanagharimu wino tu. Na yanailinda maabara ndogo kuliko kubwa. Siku jiwe likigundulika lina beriliamu huko Bangkok au New York, maabara iliyoandika maneno hayo itabaki na heshima yake. Iliyokaa kimya itaitwa tapeli hata kama ilikuwa na nia safi.

Kwetu hili lina uzito wake. Tanzania ilijenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya Mererani mwaka 2018 ili tanzanaiti isitoke kwa njia za panya. Arusha kuna Kituo cha Jimolojia Tanzania kinachofundisha vijana kukata na kutambua mawe. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini mawe yetu ya thamani kubwa bado mara nyingi hupata karatasi yanapofika ng'ambo, na anayeandika karatasi ndiye anayesema jiwe ni nini. Tukitaka karatasi ya Arusha isomwe kwa heshima Bangkok, nembo ya ithibati ni mwanzo. Kinachoweza kuitofautisha na nyingine ni ukweli ulioandikwa kwa ukamilifu kuliko wenzake.

Ningependa kila cheti kiwe na sehemu tatu zilizotenganishwa wazi: tulichopima na kinaweza kupishana kiasi gani, tunachodhani na kwa msingi gani, ambacho hatukupima au hatuwezi kukiona. Na nembo ya ithibati ikae pembeni mwa mistari inayoihusu tu.

Kwako unayenunua kesho

Mpaka hapo viwango vitakapobadilika, una haki ya kuuliza, na maswali hayahitaji digrii. Nani aliipa maabara ithibati, na kipimo hiki kimo kwenye orodha yake? Kipi hapa ni kipimo na kipi ni maoni? Kipi hakikupimwa? Kama jiwe ni safaya ya njano, chungwa au ya rangi ya samoni, ongeza moja: beriliamu imepimwa? Halafu iandikie maabara mwenyewe kwa namba ya cheti, usimtume muuzaji akuulizie.

Rafiki yangu alifanya hivyo. Maabara ilimjibu ndani ya siku mbili, kwa uungwana kabisa: jiwe liliangaliwa kwa darubini, kwa infraredi na kwa eksirei, kipimo cha beriliamu kipo kwa ada ya ziada, na aliyeleta jiwe hakukiomba. Akampelekea muuzaji jibu lile, akamwambia, "Kaka, tulipeleke likapimwe, ada nitatoa mimi." Muuzaji akasema itachukua muda mrefu, wateja wengine wapo. Basi jamaa akamwambia hana shida, atalinunua, ila kwa bei ya jiwe lililotiwa beriliamu.

Kaka yule akakubali papo hapo. Hata hakupandisha.

Pete imeshatengenezwa, na bibi harusi anaipenda. Jiwe ni zuri, safaya halisi kutoka ardhini, hilo sina shaka nalo. Cheti kipo kwenye bahasha na hakuna neno hata moja ndani yake ambalo ni uongo.